Sale la Silvanus na Kombe la Waitaliano

Asubuhi ile Silvanus aliandika kwa chaki kwenye ubao wa baa yake: LEO JIONI SUPER CUP YA ITALIA, JUVENTUS NA PARMA, MOJA KWA MOJA KUTOKA LIBYA. Marsela, aliyekuwa akipepeta maharage upande wa pili wa ua, aliusoma ubao ule polepole, kisha akaguna.

"Waitaliano hawana viwanja kwao, mpaka kombe lao wakaligombanie kwa Waarabu?"

"Ndiyo biashara, Mama Nikodemu," Silvanus akajibu kutoka juu ya ngazi, huku akizungusha dishi.

"Wala siwashangai. Wewe mwenyewe umebeba ugomvi kutoka Rombo ukaja kuufungulia Karatu."

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mpaka. Marehemu mzee Hhando, mumewe Marsela, alipanda mikaratusi miwili mwisho wa shamba lake. Silvanus alipokuja kujenga baa, akapanda masale katikati ya mahindi ya mjane, yale majani marefu ambayo Wachaga huwekea mipaka, akasema mpaka unapita pale. Balozi wa nyumba kumi akaamua: mikaratusi ikiwa imesimama, mpaka ni mikaratusi. Ndiyo maana Marsela hakuruhusu mtu aiguse, hata kuvunja kijiti cha mswaki.

Jioni baa ilijaa. Madereva wa watalii walitoka kreta na vumbi lao kichwani, wakaagiza bia na nyama. Upepo nao ukashuka kutoka Ngorongoro kama kawaida ya Agosti, matawi ya mikaratusi yakawa yanayumba mbele ya dishi, na picha ikaanza kukatika.

"Silvanus, tunaangalia mpira au mvua ya mawe?" dereva mmoja akapaza sauti.

Silvanus akaruka ua na panga mkononi. "Mama Nikodemu, matawi tu."

"Leo matawi, kesho shina, keshokutwa nikuombe ruhusa kuingia jikoni kwangu. Toka!"

Akaondoka akisonya. Hakukawia, akarudi bila panga, ameshika jani la sale kwa mikono miwili, ameinama kama anayekwenda kupokea komunyo. Akaliweka kizingitini.

Damu ilimpanda Marsela. Shambani hakukumtosha, sasa mpaka anauleta mlangoni! Akaliokota lile jani, akamtupia mbuzi aliyefungwa kando ya jiko.

Silvanus akatoa macho. "Sale unamlisha mbuzi? Mchawi wewe!"

"Mchawi ni anayepanda majani kwenye mahindi ya wajane!"

Silvanus alipogeuka kurudi baa, Dorkasi, mkwe wake Marsela, Mchaga wa Marangu, akatoka ndani mbio, mikono imejaa unga. "Mama, umefanya nini? Kwetu sale ni la kuombea msamaha pia. Ukiletewa, hata kama mtu amekuulia mwanao, hulikatai."

"Na aliyelileta?"

"Huyo amekiri kosa. Hana budi atengeneze alichoharibu."

Marsela akamwendea mbuzi, akamchomoa sale mdomoni. Lilikuwa limebaki nusu, linachuruzika mate. Akajifunga kanga kiunoni, akaingia baa.

"Silvanus! Nimekubali msamaha wako. Sasa kang'oe masale yako kwenye mahindi yangu, hawa wote wakiona."

"Si umeshamlisha mbuzi? Limekataliwa hilo!"

Martini, mchoma nyama, naye mtu wa Rombo na mkubwa kuliko Silvanus, akaweka kisu chini. "Nusu ya sale ni sale. Wewe ulilelewa na nani? Nenda kang'oe upesi, mpira unatupita."

Wateja wakagonga meza. "Ng'oa! Ng'oa!"

Akang'oa, kila shina na tusi lake la Kirombo. Marsela alisimama katikati ya mikaratusi, anakagua mzizi kwa mzizi. Shina la mwisho lilipotoka, Silvanus akachukua panga, akainua macho kwenye matawi.

"Haya, nikate sasa."

"Ukate nini?"

"Si umenisamehe?"

"Nimekusamehe, tena mbele za watu. Ulileta sale la msamaha. La matawi sijaliona."

Upepo ukavuma. Kule Libya mtu alifunga bao, na ndani ya baa waliuona mguu tu, kisha kioo kikajaa chenga. Wateja wakaanza kutoka wakimtukana Silvanus na ukoo wake, naye Silvanus akamtukana Marsela. Marsela aliyakusanya masale, akayatupa upande wa baa, mizizi juu, kisha akamwambia Dorkasi amletee kigoda na panga. Akaegemea shina la mkaratusi wa Hhando, akakaa pale mpaka Waitaliano walipomalizana.