Bomba la Tatu

Asubuhi ile nilimkuta seremala ameshika chaki, anaandika namba kwenye mbao za kitanda changu cha kufumia. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na nne. Nilimuuliza anafanya nini. Akaangalia chini, akasema tajiri mwenye karakana anataka mbao zijulikane mapema, ili kitanda kifunguliwe haraka endapo bomba la tatu nalo litapasuka.

"Na wewe ukaona huwezi kungoja hata niweke mkoba chini?"

"Fundi, mimi nimetumwa tu."

Damu ilinichemka. Miaka kumi na tisa nilifuma mablanketi kwenye kiwanda ambacho baadaye kilifungwa, na kitanda hicho ndicho kitu pekee nilichotoka nacho. Hapa karakana hatufumi mablanketi. Tunatengeneza mabomba ya kauri ya kupitishia moto kwenye matanuri ya kuyeyushia vioo, mahali ambapo chuma hulainika kama mshumaa. Kauri tupu inauvumilia moto ule, lakini ina tabia za sahani: ufa mmoja tu, basi, kwisha habari yake. Ndiyo maana tunaitia nyuzi. Mimi nafuma kitambaa cha nyuzi nyeupe za kauri, nyembamba kuliko nywele, tunakizungushia kwenye kalibu yenye umbo la bomba, kinaingia kwenye tanuri linalojazwa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayovika kila uzi utando mwembamba. Baada ya hapo tunasukumia uji wa kauri kwa pampu, tunachoma, tunarudia mara sita.

Mabomba mawili ya kwanza yalivunjika mbele ya mnunuzi kutoka kiwanda cha vioo. La kwanza lilipasuka lilipopashwa moto na kupozwa mara ya nne, la pili mara ya sita. Mnunuzi alikuwa mstaarabu, akatupa nafasi ya mwisho. Tajiri yeye alisema likivunjika la tatu atanunua kitambaa kilichofumwa na mashine, na mimi nitafutiwe kazi ya kufagia. Kufagia, mimi!

Aliyenichongea ni mhandisi wetu, ambaye pia ni mume wa mdogo wangu. Aliandika kwenye ripoti kwamba kasoro iko kwenye ufumaji.

"Shemeji, umeniweka kwenye ripoti?" nilimuuliza.

"Nimeandika ninachokiona. Nyuzi zinakatika kitandani."

"Nionyeshe uzi mmoja uliokatika. Mmoja tu."

Alijitia kutafuta kalamu iliyokuwa sikioni mwake.

Wenzangu wananiita Fundi Kaza. Kitambaa changu ukikimwagia maji, yanakaa juu yanakutazama. Nimesifiwa kwa hilo tangu nikiwa msichana, na sikuwa tayari kufundishwa ufumaji na mtu ambaye hata kifungo cha shati anashonewa na mkewe.

Mchana nilichukua kipande cha bomba la pili kutoka kwenye ndoo ya takataka, nikavua glavu, nikapitisha kidole palipovunjika. Ukingo wa nje ulinichoma. Nyuzi zilikuwa zimechomoza kama ndevu za siku mbili. Nikasogeza kidole katikati. Laini. Laini kabisa, kama sahani.

Nilikaa nikiwaza. Shemeji alishatueleza kazi ya ule utando siku ya kwanza, na mimi mwenyewe ndiye niliyempa mfano: ni mafuta kwenye sufuria ya keki. Uzi wenye utando haugandani na kauri. Ufa ukifika hapo unakosa njia, uzi unateleza kidogo, unachomoza, bomba linabaki zima. Usipokuwa na utando, uzi na kauri vinakuwa kitu kimoja na vinavunjika pamoja. Sasa kwa nini nyuzi za nje zilipata mafuta na za ndani zikakosa?

Nikaenda kwenye kabati la shemeji. Kule alikuwa na vipande vidogo vya majaribio, alivyovifuma mwenyewe kwenye fremu ya mkono kabla hawajaniajiri. Vilikuwa aibu tupu, vimelegea, mistari imepinda. Na kila kimoja kilipovunjwa kilikuwa na ndevu, nje mpaka ndani. Vilipita majaribio yote.

Hapo nikaelewa. Gesi haikuwa na pa kupita. Nilikuwa nimeifungia mlango kwa ustadi wangu mwenyewe. Uji unasukumwa na pampu, kwa hiyo uliingia. Gesi haisukumwi, ikaishia juu kama yale maji ninayojisifia.

Niliona aibu, tena kubwa. Ningeweza kunyamaza, nilegeze kimyakimya, nimwache shemeji aonekane mzushi. Nilizunguka karakana mara mbili nikilifikiria hilo. Kisha nikamfuata ofisini kwake, nikaweka vipande viwili mezani.

"Kasoro ni ya ufumaji," nikasema. "Lakini nyuzi hazikatiki. Nimekaza mno. Wewe mfumaji mbovu ndiye uliyepatia."

Alivigusa, akavigeuza, akanitolea macho. Halafu akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikamwambia akimsimulia mke wake nitamnyonga.

Siku tatu nilifuma bomba la tatu. Kila niliposhindilia uzi, mkono ulitaka kuongeza kipigo cha pili, nami nikauzuia. Ilikuwa kama kutembea nguo haijafungwa vizuri. Namba za chaki zilikuwa mbele ya macho yangu muda wote, saba hapa, nane pale. Wiki tano baadaye bomba lilitoka tanurini, jeusi, lenye mistari yangu iliyolegea, na mnunuzi akaja, safari hii na nyundo.

Tulilipasha mpaka likawa jeupe kwa moto, tukalipuliza hewa baridi. Mara ya nne, zima. Ya sita, zima. Tajiri aliacha kuangalia simu. Ya kumi ilipopita mnunuzi aliliweka juu ya meza ya chuma lipoe, kisha akanyanyua nyundo.

Ko! Ufa mwembamba ulitokea. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Pakabonyea, nyuzi zikachomoza, na bomba likabaki bomba. Akapiga mara ya tatu akiwa na hasira kidogo, nadhani, halafu akaiweka nyundo chini.

"Nataka arobaini," alisema. "Nani amefuma?"

Shemeji angeweza kusema lolote. Alininyooshea kidole. "Huyu, shemeji yangu. Mimi kufuma sijui."

"Muongo," nikasema. "Yeye ndiye mwalimu wangu."

Karakana nzima ilipiga makofi. Nililia, sikujificha. Tajiri alikuja na tabasamu pana, akasema mama, arobaini ni mengi, tutahitaji kitanda cha pili. Nilichovya tambara kwenye ndoo ya maji, nikapiga magoti mbele ya kitanda changu, nikaanza na namba moja. Nilipofika ya nne seremala alipiga magoti upande wa pili, bila kuambiwa, akaanza kufuta kutoka kumi na nne.