Saa ya Pweza

Jumamosi saa nne asubuhi, watengenezaji watatu wa Pweza walikutana Kerege, katika chumba cha nyuma cha duka la fotokopi la Mzee Maulidi, kupanga malengo ya mwaka. Pweza ni mfumo endeshi wa kompyuta, wa bure, na yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Una watumiaji thelathini na saba duniani kote, mmoja wao amekasirika.

Kompyuta ya kuundia matoleo mapya ilikuwa moja tu, na saa yake iligoma mwaka 2003. Anayeketi mbele yake hurudi alivyokuwa mwaka huo. Mzee Maulidi akikaa, mvi zinaondoka na goti linapona. Ghaith, muuza vitambaa wa Bagamoyo, anarudishiwa nywele zote, pamoja na masharubu ambayo mkewe aliyapiga marufuku.

Wahida wa Mapinga alizaliwa 2005. Akikaa, haonekani. Vitufe vya kibodi vinajibonyeza vyenyewe.

Kazi ngumu zote ni zake. Mwaka jana aliuwezesha mfumo kushika waifai, kwenye orodha ya waundaji likaandikwa jina la Maulidi. Kanuni inasema muundaji ni yule aliyeonwa na mashahidi wawili akifanya kazi.

Ghaith aliandika malengo ubaoni: skrini za kugusa, printa za kisasa, herufi zinazosomeka bila miwani.

“Na saa irekebishwe,” Wahida akasema. “Nimeomba kazi Dar. Wanataka kuona jina langu kwenye toleo hili.”

“Mjukuu wangu, unataka kuniua?” Maulidi akauliza. “Goti hili hulioni?”

“Babu, goti lina hospitali. Mimi nina nini?”

“Una akili, mashaallah,” Ghaith akasema. “Na subira.”

Wakapiga kura. Saa ikashindwa, mbili kwa moja, ikasogezwa mwaka ujao, kama mwaka jana.

Wahida akacheka, akavuta kiti, akatoweka. Kufikia adhuhuri skrini ilikuwa inaitika kidole, na toleo likatumwa. Yule mtumiaji aliyekasirika akaandika kwamba sasa amekasirika kidogo tu. Wazee wakagonganisha viganja kwa furaha. Orodha ya waundaji ilisomeka: Maulidi, Ghaith.

Bi Habiba, mke wa Maulidi, akaleta chai na vitumbua. Akatazama chumba, akaweka vikombe viwili. Cha mumewe kikainuka mezani, kikaelea hadi kwenye kiti kitupu, kikainama.

“Taratibu, mjukuu wangu,” Maulidi akasema, macho kwenye jina lake. “Ya moto hiyo.”