Nyasi za Ukingoni

Usiniambie habari za subira. Mimi nilisubiri miaka minne, na subira yangu ilivuta maji kitandani.

Mume wangu Dionis alipanda lori la manamba pale Makambako mwaka arobaini na tisa, akaenda kukata mkonge Tanga. "Mwaka mmoja tu, Telesia," alisema. Akaniacha Kitandililo na mama yake, Yudita, ndani ya nyumba ambayo paa lake lilikuwa limekwisha kuchoka. Kufika hamsini na tatu, mvua ikija tulikuwa tunahama na mkeka kona hadi kona, mimi na mama mkwe, kama kuku.

Utaniuliza, sasa kwa nini hukuezeka? Ukoo wa kina Dionis una neno lao. Nyasi za paa hukatwa na mwenye nyumba. Mwanamume mwingine akikukatia, amekuoa. Na mke akizikata mwenyewe, akapita nazo kijijini kichwani, anatangaza kwamba mumewe amekufa. Wanawake wakiuona mzigo ule hupiga yowe, na matanga yanaanza hapo hapo. Basi ningekata vipi? Nilijiambia, paa likivuja, Dionis yu hai. Ujinga? Haya, ujinga. Wewe hujawahi kupenda.

Kila Jumamosi nilipanda ukingoni, kule juu ya bonde. Kisingizio kilikuwa kuni, ndiyo maana nilibeba mundu, lakini kuni zilikuwa tele huko huko chini. Bonde zima mzungu mmoja alikuwa amelilima akapanda miti yake ya miwati, mistari kwa mistari, hadi ukitembea humo huoni mbele wala nyuma. Nyasi zetu za asili zilibaki juu tu, ambako trekta halifiki. Na njia ya kwenda huko ni kali, bwana! Unapanda kwa mikono, unashika mizizi, unaweka goti kwenye jiwe na kumwita Mungu. Halafu mawe yanakwisha ghafla, upepo unakupiga usoni, na nyasi zinakufika kifuani, zenye maua madogo ya manjano na ya zambarau ambayo watoto wa chini hawayajui tena.

Nilikuwa nakaa kwenye jabali la mwisho, miguu inaning'inia. Pale unaiona barabara kuu yote, vumbi la malori, na ng'ambo kule moshi wa Makambako. Nilitazama kila lori hadi lisimame. Hakuna sauti pale ila upepo. Nilikuwa mpweke hadi nikawa naongea na mundu.

Jumamosi moja, mvua za kwanza zikiwa zimekaribia, mtu alitokea upande wa pili, kwenye njia ya mkato itokayo Makambako. Viatu kavishika mkononi. Alikuwa Enoki, aliyepanda lori moja na Dionis. Aliponiona alisita, nusura ageuke.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Enoki! Umefika lini?"

"Jana."

"Na mwenzako?"

Akatazama viatu vyake. "Kwani hawajakuambia?"

"Nani aniambie nini?"

"Dionis yuko Lyamkena, shemeji. Mwaka wa pili huu. Ana mke, ana mtoto. Usiku wa jana nimelala kwake. Nilidhani unajua. Watu wa kwenu wanapita pale kila siku ya soko."

"Lyamkena ipi?" niliuliza, kana kwamba ziko kumi.

Akaelekeza kidevu kwenye ule moshi wa Makambako. Mwaka mzima nilikuwa nautazama moshi wa jiko lake, huku nikimwombea asafiri salama.

"Anaumwa?" nikauliza. Hata leo namcheka Telesia yule.

"Hapana, mzima. Amenenepa kidogo."

Enoki alitaka kunisindikiza. Nikamwambia aende zake, akaenda.

Sikulia. Nilikata nyasi. Nilikata kwa hasira, mundu ukinichubua kidole, nikisema kwa sauti: kama ni mzima kwake, afe kwangu. Nikamkumbuka mama mkwe, mkono ukasimama. Nitamliza mama wa watu kwa mwana aliye hai? Lakini nikimwambia kweli atamfuata mwanawe Lyamkena, nami nitabaki na kuta. Nikaamua kunyamaza. Ni dhambi, najua. Nikaendelea kukata.

Kushuka na mzigo ule kulinichukua mchana mzima, kinyumenyume penye mawe. Kisimani nikawakuta wanawake. Nikanyoosha shingo, nikasubiri yowe. Kimya. Letisia, ambaye hulia hata kuku akifa, aliinamisha macho kwenye debe lake. Hapo nikajua wote walikuwa wanajua. Wote! Walinisalimia kila siku, wakaniuliza paa linaendeleaje, na hakuna hata mmoja aliyenionea huruma ya kuniambia. Sijawahi kuwa peke yangu vile, hata kule juu. Nikapita. Nao wakanifuata kwa mbali.

Mama mkwe alikuwa uani anapukuchua mahindi. Akauona mzigo. Hakuuliza amekufaje.

"Nani amekuambia?"

"Enoki."

"Mimi najua tangu Pasaka," alisema. "Alituma mtu anichukue nikakae kwake. Nikakataa. Nikaogopa, ukijua utarudi kwa baba yako, nami nitafia humu peke yangu."

Nilitaka kumtukana. Tusi lilikuwa limenifika mdomoni. Tangu Pasaka tumehamisha mkeka pamoja, tukilowa pamoja, na huyu mama hasemi neno!

Akainuka. Akakung'uta punje za mahindi, akajifunga kanga kiunoni, akatoka hadi njiani walikosimama wale wanawake. Akajishika kichwa kwa mikono miwili akapiga yowe lililofika kwenye miwati.

"Dionis! Mwanangu wa pekee amenifia!"

"Lakini mama," Letisia akasema polepole, "si Dionis yuko..."

"Amekufa!" mama mkwe akamkata. "Mimi ndiye niliyemzaa, mimi ndiye nasema. Mnangoja nini?"

Wakatazamana. Kisha mmoja akaanza kulia, na wa pili, na Letisia naye akalia kwa sauti kubwa kuliko wote. Mimi nilikuwa bado nimesimama na mzigo kichwani, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kunitua. Mama mkwe akarudi, akanishika kiuno kwa nguvu, na hapo ndipo nami nikalia.