Jina la Upande wa Kushoto

...eti ni mstari mmoja tu, ndivyo alivyosema bosi, Bwana Gokhale, mstari mmoja, Madhavi, mtaalamu si ni wewe mwenyewe, kisha akarudi kwenye simu yake na yule wakala wa Solapur anayelalamika kwamba pampu zimefika bila boliti, na Ketaki amebaki mbele ya seva, mikono juu ya kibodi, mstari ameshauandika, ketaki kushoto, nukta mbili, madhavi kulia, kilichobaki ni kuhifadhi, na kile kistari kinapepesa mwishoni, kinapepesa, kinapepesa... mstari mmoja, kweli, ameandika mingi ya namna hii mpaka vidole vinaijua, mauzo yaende kwa Joshi, malalamiko yaende kwa Joshi huyo huyo, maskini Joshi, jina la kushoto halina sanduku, ni lakabu tu, barua pepe ikifika kwake inapita moja kwa moja hadi kwa aliye kulia, wa kulia ndiye mtu, wa kushoto ni mlango usio na nyumba, na leo huko kushoto amejiweka yeye, kwa mkono wake, hakusukumwa na mtu, hapana, amesukumwa, amesukumwa na kila mtu, tena kwa tabasamu... bibi harusi, bado tu? anauliza Shubhada wa mapokezi akiweka kikombe cha chai, au hina ndiyo inakulemea vidole? na Ketaki anacheka, anacheka nini sasa, hakuna cha kuchekesha, hina yenyewe imebaki kwenye kucha tu, rangi ya kutu, ukumbi ule wa harusi pale Sangli, sahani ya mchele ikaletwa, Madhav, bwana harusi, akashika pete ya dhahabu akachora jina juu ya mchele, watu wakanyoosha shingo, na yeye naye akanyoosha shingo, ndiyo, bibi harusi mwenyewe anachungulia kujua kuanzia leo anaitwa nani, Madhavi! makofi, vigelegele, shangazi mmoja wa akina Bapat, ukoo wa mume, akasema Madhav na Madhavi, yaani imeshikana hiyo, imeshikana nini, hata kutafuta hawakutafuta, wamechukua jina la mtoto wao wakalitia mkia, hata ng'ombe hupewa jina kwa kutazamwa rangi yake kwanza, na yeye akatafuna peda lake, kile kitamu cha maziwa, akatabasamia kamera, ni mila, alijiambia, jina la jikoni, la mama mkwe kuniitia sufuria, kazini nitabaki mimi, Ketaki Ranade wa siku zote... kumbe Madhav ameshapiga simu, asubuhi hii amemwambia huku anafunga kamba za viatu, hata uso hakuinua, nimekurahisishia, nimeongea na mzee Gokhale, barua zako za zamani zote zitakufikia, si wewe ndiye uliyenieleza lakabu inavyofanya kazi? na ni kweli alimweleza, wakati wa uchumba, walikuwa wanakula misal, mchuzi wa pilipili, mpaka macho yanatoka machozi, alimweleza kwa furaha, kwa majivuno hata, akadhani amepata mtu wa kumsikiliza, na kweli alisikiliza, alisikiliza vizuri sana, akaweka akiba.

Na Gokhale hakuishia hapo, alipofika mlangoni akageuka, anwani ile ya zamani iache mwaka mmoja, kisha uifute, tusijaze seva majina yasiyo na kazi... yasiyo na kazi! Mwaka ule mto Krishna ulipoingia ghalani nani alibeba mashine hii kichwani ngazi zote, maji kiunoni, nyaya mdomoni, Gokhale akipiga kelele kutoka juu Ketaki shika vizuri, Ketaki angalia chini, siku ile jina lilikuwa na kazi, siku ile halikujaza chochote, Madhavi alikuwa wapi, huyo Madhavi wao hajawahi kuloa hata nyayo, mawakala kuanzia Miraj mpaka Nagpur barua zikiwakwama wanamwandikia Ketaki, wanamtukana Ketaki, Diwali wanamtumia Ketaki salamu, mtu mmoja, jina moja, amelipata kwa jasho, halikuchorwa kwenye mchele mbichi, anaona hasira mpaka masikio yanamuwaka... na mama, juzi alipomlalamikia mama kwa simu, mama akasema utazoea, mwanangu, mimi si nilizoea, na Ketaki akakumbuka siku ile sokoni, mjini Wai, kikongwe mmoja alimwita kwa nguvu katikati ya mafungu ya mboga, Kusum! we Kusum! na mama, ambaye watu wote wanamjua kwa Sulabha, mama wa magoti mabovu, akaangusha majani ya uwatu akakimbia, alikimbia, Ketaki hajawahi kumwona akikimbia, wakashikana mashavu wale wawili wakilia na kucheka, na baadaye, Kusum ni nani, mama? Ni mimi, nilipokuwa msichana, shika hiki kikapu. Basi. Shika hiki kikapu... utazoea, anasema, hakuzoea! Aliyezoea hakimbii hivyo, miaka yote ile jina lilikuwa linangoja sokoni mtu aliite, na barua zake je, wenzake wa shule waliomwandikia Kusum, ziliangukia wapi, kwake hakuna aliyemwachia hata lakabu.

Madhavi, tayari? anaita Gokhale huku kiganja kimeziba simu, bado, mzee, anajibu, na hajatikisa kidole, mstari ni ule ule, chai inatengeneza utando, wakala wa Solapur bado anadai boliti zake, lakini Ketaki anautazama mstari na ubaridi mzuri unamshuka kifuani, kwa sababu nani amesema lazima yeye awe kushoto, jina wamelitaka, watalipata, Madhavi atakaa kushoto, mlango mzuri, waupambe maua wakipenda, Ketaki atabaki kulia, na hatafanya kwa kujificha, Gokhale ataambiwa leo hii, Madhav ataambiwa usoni, hata kama usiku huo mama mkwe atakataa chakula, waandike kwa jina lolote, barua itakuja kwangu, na atakayewajibu, chini kabisa, jina kamili, ni Ketaki Ranade.