Moyo Usiotaka Mlima

Emerensiana alipoanza kuvimba miguu, watu walimpongeza. "Mama Jacqueline, uzazi huu umekupenda," wanawake wa jumuiya waliokuja kumwona mtoto walimwambia, wakimtazama mashavu yalivyojaa. Naye alitabasamu tu. Mtoto wake wa pili, Frederick, alikuwa mchanga bado, na mama mtu alikuwa hawezi tena kulala chali. Akijilaza tu, alihisi kama amefunikwa uso kwa blanketi lililoloa. Akawa analala amekaa, mgongo ukutani, kikohozi kikavu kikimsumbua mpaka kunapambazuka.

Zahanati walimpa dawa ya malaria, kisha ya kichomi. Dawa zikaisha, kikohozi kikabaki. Siku aliposhindwa kupanda kutoka kijitoni, akakaa njiani na ndoo yake kama mtu aliyeambiwa asubiri, mumewe Kiliani alikodi pikipiki na kumkimbiza Mbinga mjini. Huko wakapewa rufaa ya Songea.

Daktari wa Songea alikuwa mwanamke wa sauti ya chini. Alimpaka mafuta ya baridi kifuani, akapitisha kifaa huku akikitazama kioo. Mwishowe alimgeuzia kioo.

"Huu ndio moyo wako, mama. Unauona? Ulitakiwa ukaze kama ngumi. Wako umetanuka, unasukuma damu kwa uchovu. Ugonjwa huu huwapata baadhi ya wanawake karibu na kujifungua."

"Nitapona?"

Daktari alifuta kifaa chake kwanza. "Wapo wanaopona, moyo ukarudi kama mwanzo. Wapo wanaobaki hivi hivi, wakaishi kwa dawa. Na wapo ambao moyo unazidi kuchoka. Kwa leo siwezi kukuambia wewe uko wapi. Tutapima tena." Kisha akampa masharti: chumvi apunguze, kazi nzito aache, vidonge asiviache hata akipata nafuu, na mimba asibebe tena, kwa kuwa inaweza kumwua.

Njiani kurudi, gari lilipopumzika Kitai na wachuuzi kusogeza ndizi madirishani, Emerensiana alijikuta akiwaonea wivu wagonjwa wa magonjwa mengine. Aliyeambiwa atakufa hulia, ndugu wakaja kukaa naye. Aliyeambiwa atapona hushukuru Mungu akaendelea na kazi. Yeye alikuwa amepewa nini cha kuwapelekea watu nyumbani?

Nyumba yao ilikuwa mgongoni mwa kilima, kama nyumba nyingi za Wamatengo. Chini yake kahawa, chini ya kahawa mashimo ya ngoro, yanayozuia udongo kuchukuliwa na mvua, yaliyolimwa maharage na mahindi, na chini kabisa kijito cha maji. Hapakuwa na pa kwenda pasipo kushuka, na kila aliyeshuka ilimlazimu kupanda. Miteremko ambayo Emerensiana aliipanda tangu alipoolewa, mtoto mgongoni na ndoo kichwani, sasa aliitazama kutoka mlangoni.

Vidonge vilitoa maji mwilini, mashavu yakashuka, na watu waliomsifu wakaanza kunong'ona kwamba anakonda. Alijifunza kusema kwa sentensi fupi. Alijifunza kuchambua kahawa kwenye vichanja akiwa amekaa, na kula maharage yasiyo na ladha. Lililomshinda ni kuacha kuusikiliza moyo. Ulikuwa ukienda vizuri, ghafla unaruka, unakimbia kama mbuzi aliyekata kamba, kisha unatulia. Kila uliporuka alishika kitu kilichokuwa karibu, akangoja. Je, ndiyo saa yenyewe? Haikuwa. Basi anaendelea kuchambua kahawa.

Kiliani hakuwa mtu mbaya. Lakini baada ya Songea alihamishia godoro lake chumba cha mbele.

"Umenichoka, baba Jacqueline?" alimwuliza.

"Naogopa," akasema. "Nikikugusa, naogopa nitakuua." Akatoka nje kunoa panga ambalo lilikuwa kali tayari.

Kazi zote za maji na kuni alizichukua mama mkwe, Edina, mwanamke aliyekwisha kupata vitukuu. Hakuuliza wala hakulalamika. Alifunga kanga kiunoni, akachukua ndoo ya mkwewe. Emerensiana alipojaribu kumzuia, alimjibu, "Mwanangu, mimi moyo wangu mzima. Magoti ndiyo mabovu, na magoti hayaui mtu."

Ilikuwa Julai, msimu wa kuchuma kahawa, na ukungu ulikuwa umelala mabondeni tangu alfajiri. Kiliani alikuwa amepeleka kahawa kwenye mashine ya kumenyea ya chama cha msingi cha wakulima. Jacqueline alikuwa shule. Emerensiana alikuwa akimlaza Frederick aliposikia sauti kutoka chini.

"Mwanangu! Nimeanguka!"

Alimpigia Kiliani simu. Ikaita mpaka ikakata. Mashine zile zinanguruma, mtu hasikii. Akaiacha simu, kwa kuwa bondeni hakuna mtandao, akamfungia mtoto ndani, akashuka. Kushuka hakukumpa taabu. Edina alikuwa amelala ubavu kando ya kijito, ndoo imebingirika, nguo zimeloa chapachapa, na mguu mmoja umegeukia upande usio wake.

"Shikamoo, mama," Emerensiana alisema, kwa kuwa mdomo wake haukupata lingine.

"Marahaba. Usijaribu kuninyanyua. Kaa hapa. Watu watapita."

Alikaa, akamvua kanga iliyoloa na kumfunika yake. Wakaita pamoja, mmoja hana nguvu, mwingine hana pumzi, na ukungu ukazimeza sauti zao. Hakupita mtu. Edina akaanza kutetemeka, meno yakigongana, kisha maneno yake yakawa yanachanganyika, akimwita Emerensiana kwa jina la dada yake aliyekufa zamani.

"Napanda kuita watu, mama."

Hapo yule mzee akili zikamrudia. "Usipande! Nimekukataza!"

Alipanda. Alishika shina la mbuni, akapumua, akashika shina la pili. Katikati ya shamba macho yakaingia giza, akapiga magoti na kuendelea kwa mikono, udongo ukimwingia kwenye kucha. Moyo haukuwa unapiga tena, ulikuwa unapapatika, kama ndege aliyeingia nyumbani akakosa dirisha. Hakuomba Mungu. Alifikiri tu kwamba Frederick amefungiwa ndani, na kwamba akifa hapa hakuna anayejua.

Alipofika uani hakuwa na sauti ya kupiga yowe. Akaokota mchi, akaupiga kwenye bati la jiko, akaupiga tena, mpaka mchi ukamtoka mkononi na yeye akaanguka kando yake.

Watu walikuja mbio, Tarsisi jirani yao mbele. Wakamkuta mgonjwa wanayemjua, midomo imekuwa ya kijivu, povu jekundu mdomoni. Wakafanya ambalo yeyote angefanya: wakambeba, wakamweka kwenye pikipiki katikati ya vijana wawili. Emerensiana alinyoosha mkono kuelekea bondeni. "Tulia, dada," Tarsisi akamwambia, akiurudisha mkono ule mapajani pake. Akaunyoosha tena. Wakaushika. Pikipiki ikaondoka, naye akilia bila sauti, huku Edina akibaki chini kando ya maji ya baridi.

Mtoto aliyekuwa akilia ndani ndiye aliyewafanya wanawake waulize: bibi yake yuko wapi? Jua lilikuwa limeshainama walipompata.

Waliwekwa wodi moja, hospitali moja. Emerensiana alitolewa maji kwenye mapafu kwa sindano, akawekewa hewa puani, akaishi. Edina alikuwa amevunjika nyonga, na kifua kilishaingiwa na baridi. Siku moja Emerensiana aliweza kutembea mpaka kitanda cha mama mkwe.

"Ulipanda," Edina alisema.

"Nilipanda."

"Nilikukataza."

"Ndiyo, mama."

Mzee akataka kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu kwisha. Emerensiana alimshika mkono mpaka alipolala. Kabla kahawa ya mwisho haijachumwa walimzika Edina nyuma ya nyumba, na walimu wa dini wakasema yote waliyopaswa kusema.

Hakuna aliyemlaumu Emerensiana. Hilo lilimwuma kuliko lawama. Wanawake wa jumuiya wakapanga zamu ya kumletea maji, akawa anaziona ndoo zikipanda mlima juu ya vichwa vya watu wengine, wengine wana mimba, wengine wazee.

Alipopimwa tena Songea, daktari alikitazama kioo kwa muda. "Haujapanda, haujashuka," akasema.

"Baada ya yote yale?"

"Baada ya yote yale. Endelea na vidonge. Tutapima tena."

Jioni hiyo hiyo alimwambia mumewe, "Nashuka ziwani kwa mama yangu mzazi. Lituhi ni tambarare. Nitaweza kufika kisimani na kurudi."

"Watu watasema nimekufukuza."

"Waseme."

"Na Jacqueline?"

Jacqueline alibaki kwa ajili ya shule. Asubuhi ya safari hakutoka chumbani kumuaga mama yake. Alisema anatafuta soksi.

Huko Lituhi mama yake, Vitalia, alimpokea na mtoto bila maswali mengi. Usipa, dagaa wa ziwani, waliokaushwa kwa chumvi hakuweza kuwala, basi Vitalia alimkaangia wabichi, asubuhi boti zilipoingia. Alitembea mpaka kisimani, akarudi na kidumu kidogo mkononi, akapumzika mara moja tu. Zilikuwapo siku alizoweza kufua, na siku ambazo kuvaa nguo kulimmaliza. Hakuweza kujua, akiamka, ameamkia siku ipi.

Mavuno ya mahindi yalipokwisha Kiliani alishuka na Jacqueline. Msichana alikuwa amerefuka. Alimwamkia mama yake kama anavyoamkiwa mgeni, kisha akamchukua Frederick na kwenda naye mchangani. Kiliani alikaa kwenye mkeka, akatazama maji, akatazama mikono yake.

"Utarudi?" akauliza.

"Sijui."

"Nikujengee chini, karibu na barabara? Pale si mlima sana."

"Jenga," akasema. "Lakini usinijengee mimi peke yangu. Jenga nyumba ambayo hata nisipokuwepo mtakaa."

Kiliani aliinamisha kichwa, na mabega yake yakatikisika. Emerensiana alisogea, akamwekea mkono mgongoni. Hakumwambia asilie.

Asubuhi walipoondoka aliwasindikiza kwa miguu mpaka gari linapopakia. Jacqueline, akiwa tayari ameshakaa, alitoa mkono dirishani, akaushika wa mama yake, na hakuuachia mpaka gari lilipoanza kusogea.

Alipokuwa akirudi pumzi zilimkata katikati ya njia. Palikuwa na mtumbwi uliopinduliwa, akaukalia. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba tena. Alibonyeza kifundo kwa kidole, na shimo likabaki pale. Vitalia akaja na Frederick mgongoni, akakaa kando yake, wote watatu wakingoja pumzi irudi.