Rekodi Aliyoifuta Baba

Mwezi wa tatu madaktari walimtoa baba zoloto, kisanduku cha sauti kooni, na sauti ikaenda nalo. Kabla ya hapo alirekodi kwa wiki sita: visa vya marehemu mama, majina ya babu zake, wosia kwa kila mjukuu. Rekodi arobaini na moja, zote kwenye kompyuta niliyomtengenezea mimi, fundi wa familia.

Baba ana mkono mwepesi wa kuharibu, kwa hiyo niliipanga Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo, kwa matabaka mawili. La chini nililifunga lisibadilike. Kila kitu kipya, rekodi zake zikiwemo, kiliandikwa kwenye la juu, na akifuta kitu cha chini, hakifutiki; kinafunikwa tu, na kifuniko hukaa tabaka la juu. Nilijisifu mwezi mzima.

Juzi umeme ulikatika akiwa anaandika, kompyuta ikagoma. Nikaja nikaikagua. Tabaka la chini lilikuwa zima, la juu limevurugika.

"Si unakili diski kwanza?" dada aliuliza. "Ndivyo unavyotuimbia kila siku."

"Dada, wewe shona nguo zako."

Miaka kumi na mbili nawafokea wateja kwa kosa hilohilo. Mganga hajigangi. Nikaanza kutengeneza diski papo hapo. Programu ikauliza swali baada ya swali, nami nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, bila kusoma. Ilipomaliza, tabaka la juu lilikuwa vipande vyenye namba, na hakuna hata kimoja kilichofunguka.

Nikalitupa, nikaweka tabaka jipya juu. Kompyuta ikawaka vizuri kabisa. Baba akaandika kwenye daftari lake: "Zipo?"

Dada akafungua folda ya sauti. Kulikuwa na faili moja, akaibonyeza.

Ilikuwa sauti ya baba, siku nilipojaribu maikrofoni kabla ya kulifunga tabaka la chini. "Moja, mbili, tatu. Haya, inatosha. Huyu mwanangu hajawahi kushika kitu asikiharibu."

Nilikuwa nimeisahau. Yeye hakuisahau, aliifuta zamani, na kifuniko chake nimekitupa mimi pamoja na zile arobaini na moja. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Baba akalivuta daftari. Aliandika: "Niliifuta hiyo. Ifute tena, mwanangu."

"Usiiguse," dada alisema. "Hatuna sauti yake nyingine."

Baba aliushika mkono wangu. Nikautoa taratibu, nikachomeka flashi, na safari hii nikanakili kwanza.