Shimo Ndani ya Mstari wa Buluu

Saa moja asubuhi Marivic Dumaran alikuwa ameshapakia abiria wa tatu, na barabara za Manila zilikuwa zimeganda. Sheria ilitaka pikipiki zibaki ndani ya mstari wa buluu. Kupenya katikati ya magari ni kosa, na kosa la tatu linakula leseni. Marivic alikuwa nayo mawili.

Yote mawili aliyapatia hapa mbele. Mafundi wa bomba walichimba shimo katikati ya njia ya pikipiki, wakaweka ubao, wakaondoka zao; ni mwezi mzima sasa. Ukilikwepa unavuka mstari, na ukivuka, askari aliyejibanza kwenye kivuli cha daraja la waenda kwa miguu anakupungia mkono. Shimo lile lilimlea askari huyo vizuri.

Abiria wake, nesi Teodora, alikuwa akichelewa zamu. "Dada, pita tu. Hatua tatu hizo."

"Nikipita, kesho utanikuta kituo cha mabasi nauza ndizi za kukaanga kwa sukari."

Alipofika kwenye ubao akaweka mguu chini, akazima injini. Wa nyuma yake wakamtukana sana. Kisha mmoja akaelewa, naye akazima, na mwingine, hadi foleni ya pikipiki ikaziba mdomo wa kituo cha mabasi. Marivic hakugeuka hata kidogo. Alijua hana kosa.

Askari akaja, redio ikimfokea kiunoni. "We dada, mbona umefunga njia?"

"Nafuata sheria, bosi. Mstari huu hapa, nami nimo ndani."

"Si uzunguke?"

"Nizunguke kwa amri yako, au kwa leseni yangu?"

Redio ikafoka tena. Askari akafuta jasho, akatoka kwenda kusimama juu ya mstari wenyewe, juani, akaanza kuwapitisha kwa mkono wake. Pikipiki zaidi ya hamsini zikapita, kila moja ikimpigia honi mbili fupi, kama wanavyosalimiana wenyewe kwa wenyewe. Teodora alicheka njia nzima hadi wakafika hospitali.

Kesho yake shimo lilikuwepo vilevile. Hakuna aliyeleta hata koleo la udongo, ila pale kivulini sasa walisimama askari wawili, kila mmoja na kitabu chake cha faini.

Marivic akafika kwenye ubao, akaweka mguu chini, akazima injini.